Namba Ikihama, Ifike Ilivyo

Popote unaponisikiliza, uwe nyumbani Bunju A au Bunju B, uwe ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni ya Tegeta, uwe dukani unafunga hesabu za leo, naomba tukae pamoja kidogo. Jioni hii nataka tuzungumzie kuhama kwa namba. Sisemi ule utaratibu wa kuhama mtandao wa simu ukabaki na namba yako. Nasema namba za desimali, zile zenye nukta, zinazohama ndani ya chipu ya simu au kompyuta kutoka sehemu moja kwenda nyingine, mara nyingi mno kila sekunde, hata sasa hivi.

Utaniuliza, kuhamisha namba kuna ugumu gani? Si unaitoa hapa unaiweka pale? Swali zuri. Kuna mambo mawili yanayoweza kuharibika. La kwanza, namba inaweza kufika ikiwa imebadilika. La pili, inaweza kufika salama lakini ikawa imezungushwa njiani bure. Ikibadilika, unapewa jibu la uongo. Ikizungushwa, unaamini kifaa chako ni kibovu, kumbe kizima. Shika hayo mawili, kubadilika na kuzungushwa, maana nitayarudia.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Wakazi wa Bunju na Mabwepande mnajua siku ya kupima viwanja inavyokuwa. Mpimaji amesimamisha kifaa chake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa yupo, majirani wa pande zote wameitwa, na kila mtu anatazama bikoni itachimbiwa wapi. Kifaa kinatoa koodineti mbili, moja ya mashariki na moja ya kaskazini. Katika mfumo wa koodineti uitwao UTM, Dar es Salaam iko Kanda ya 37 Kusini, na namba ya kaskazini ya Bunju ni mita milioni 9 na laki 2 na sitini na kitu elfu. Kisha inakuja nukta, na baada ya nukta ndiyo sentimita. Mnaopakana ukuta kwa ukuta mnajua uzito wa zile sentimita.

Sasa kompyuta inaitunzaje namba hiyo? Tangu mwaka 1985 ulimwengu una kiwango kimoja kinachoitwa IEEE 754, na mtaalamu aliyekisukuma zaidi ni profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa kiwango hicho, desimali hutunzwa mara nyingi kwa ukubwa wa aina mbili, wa biti 32 na wa biti 64, na biti ni tarakimu moja tu, ama sifuri ama moja. Ule wa biti 32 unabeba tarakimu kama 7 tu za kutegemewa. Ule wa biti 64 unabeba 15 au 16. Hesabu nami tarakimu za ile kaskazini ya Bunju. Kabla hata hujafika kwenye nukta, zimeshatimia 7. Kwa hiyo ukiiweka kwenye biti 32, sentimita zote zimepotea. Namba ikishapita milioni 8 na laki 4 hivi, biti 32 haziwezi tena kutofautisha kitu kilicho chini ya mita 1 kamili. Mita nzima, msikilizaji! Hapo ukuta umehamia kwa jirani, na kesi imeshafika baraza la ardhi.

Kwa sababu hiyo programu za upimaji hutumia biti 64. Lakini kuchagua biti 64 ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha kwamba namba hiyo, inapohama ndani ya chipu, inahama nzima. Na hapo ndipo tunaingia jikoni kwenyewe.

Programu huandikwa na watu kwa lugha ambayo watu wanaweza kuisoma. Chipu haiielewi. Katikati kuna programu nyingine inayoitwa kompaila, ambayo hutafsiri maandishi yale yawe maelekezo ya chipu. Maarufu zaidi kati ya zile zilizo wazi kwa kila mtu ni GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, na LLVM, iliyoanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Kompaila ina sehemu ya mbele inayosoma, na ina sehemu ya nyuma inayogusa chipu. Sehemu ya nyuma ndiyo inayoamua namba ipi ikae wapi, na ihame lini.

Ikae wapi? Nenda Keko, kule Temeke, kwa mafundi fanicha. Seremala ana rundo kubwa la mbao nyuma ya banda, lakini hawezi kuranda ubao ukiwa kwenye rundo. Lazima aulete benchini, na benchi ni dogo. Ndani ya kompyuta, lile rundo ndiyo kumbukumbu, na benchi ndiyo rejista. Rejista ni chache sana. Halafu, na hili ndilo la kusikiliza, karakana hii ina mabenchi mawili. Benchi moja ni la namba nzima, za kuhesabu vitu na kukumbuka anwani. Benchi la pili ni la desimali, lina vifaa vyake maalumu. Chipu nyingi zimejengwa hivyo. Kutoka benchi moja kwenda jingine kuna hatua za kutembea, na kila hatua ni muda.

Nirudie kabla hatujaendelea. Kumbukumbu ni rundo, rejista ni benchi, na mabenchi ni mawili, la namba nzima na la desimali.

Sasa tuchukue lile la kwanza, la namba kubadilika. Kwa miaka mingi kompyuta za mezani zenye chipu za Intel zilifanya desimali kwa utaratibu uliotokana na chipu ya 8087 ya mwaka 1980. Benchi lake la desimali lilikuwa na nafasi 8, kila moja ya biti 80. Pana kweli kweli. Lakini kwenye kumbukumbu namba ilitunzwa kwa biti 64. Nafasi 8 zikijaa, kompaila ilifanya nini? Ilitoa namba moja nje kwa muda, ikaiweka kwenye kumbukumbu, na ile ziada ikakatwa. Namba ikirudi benchini, si ile iliyotoka.

Tofauti ni ndogo mno, pengine kwenye tarakimu ya 17 hivi. Lakini fikiria programu inayopiga hesabu moja mara mbili kisha inauliza, je, haya majibu mawili ni sawa? Jibu moja lilibaki benchini, jingine lilitolewa nje likarudi. Kompyuta inasema si sawa. Hesabu ile ile, namba zile zile! Mwaka 2000 kasoro hii iliandikishwa rasmi kwa watengenezaji wa GCC ikapewa namba 323, na kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kuja kulalamikia jambo hilo hilo, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kuliona. Ni mwaka 2010, katika toleo la 4.5, ambapo GCC ilipata chaguo la kuilazimisha lugha ya C ifuate kanuni yake ya usahihi kwenye jambo hili. Na dawa kubwa zaidi ilitoka kwenye chipu zenyewe, maana kuanzia Pentium 4 kulikuja benchi jipya la desimali ambalo biti 64 zinakaa zikiwa 64, na kompyuta za biti 64 zinalitumia hilo kwa kawaida.

Mimi huwa naona kisa hiki kina jambo zito. Hakuna aliyekosea hesabu. Mwandishi wa programu aliandika sawa, chipu ilijumlisha sawa. Kilichoharibu ni safari tu, na safari hiyo iliamuliwa na kompaila bila mwandishi kuambiwa.

Twende kwenye lile la pili, msikilizaji, la namba kuzungushwa. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu linatugusa sisi wenye vifaa vya bei ndogo.

Tarehe 29 Februari 2012, huko Uingereza, ilianza kuuzwa kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi. Ni kibao kinachoenea kiganjani, na ile ya kwanza iliuzwa kwa dola 35. Chipu yake ilikuwa ya ukoo wa ARM, ukoo ule ule wa chipu zilizomo kwenye simu zetu. Na chipu ile ilikuwa na benchi la desimali, tena zuri tu. Lakini mfumo endeshi mmoja wa mwanzo ulitokana na mfumo huria uitwao Debian, katika toleo lililotafsiriwa kwa ajili ya chipu za ARM za kila namna, pamoja na zile zisizo na benchi la desimali kabisa. Matokeo yake? Kila desimali ilifanyiwa kazi kwenye benchi la namba nzima, kwa kuigiza, hatua baada ya hatua. Kujumlisha mara moja tu kukageuka maelekezo makumi. Benchi la desimali lipo, limelipiwa, halitumiki.

Unaweza kusema, basi kompaila iambiwe ilitumie. Ndiyo, na njia hiyo ilikuwepo. Lakini tazama kilichotokea. Ndani ya programu kuna kazi ndogo ndogo zinazoitana. Hii inakokotoa umbali, inaiita ile inayotafuta kipeuo, na kadhalika. Zinapoitana zinakabidhiana namba, na lazima ziwe na makubaliano kwamba namba inawekwa benchi gani. Makubaliano ya zamani ya ARM yalisema namba zote zikabidhiwe kwenye benchi la namba nzima, katika nafasi 4 za kwanza. Desimali ya biti 64 haienei kwenye nafasi moja ya biti 32, kwa hiyo inapasuliwa vipande viwili, kila kipande nafasi yake.

Fikiria sasa safari ya namba moja. Iko kwenye benchi la desimali. Inataka kukabidhiwa. Inapasuliwa, inapelekwa benchi la namba nzima. Anayeipokea anaitaka kwenye benchi la desimali, anaiunganisha, anairudisha. Anajumlisha. Jibu linapasuliwa tena, linapelekwa tena. Kwenye chipu moja maarufu ya simu za miaka ile, Cortex-A8, kuvuka mara moja tu kutoka benchi la desimali kwenda la namba nzima kuliweza kugharimu mizunguko kama 20 ya chipu, yaani mapigo ya saa yake, nayo kazi iliyobaki ikisubiri. Safari inakula muda kuliko kazi yenyewe!

Na vile vipande viwili, nani anatangulia? Chipu za ARM za zamani zenye kitengo cha desimali kilichoitwa FPA ziliweka kipande cha juu kwanza. Kitengo kilichofuata, VFP, kwenye mashine hizi za kawaida kinaweka cha chini kwanza. Kompaila ikichanganya, hupotezi sentimita, unapoteza Bunju yote, kwa sababu inatoka namba isiyofanana na mahali popote duniani. Mnaona jinsi kuzungushwa kunavyoweza kurudi kuwa kubadilika.

Dawa ilikuwa kubadilisha makubaliano yenyewe, desimali ikabidhiwe ikiwa palepale kwenye benchi la desimali. Basi. Debian walikuwa wameanza toleo la namna hiyo, lakini walilijenga kwa chipu za ARM za toleo la 7, na Raspberry Pi ilikuwa na chipu ya toleo la 6. Pi ikaachwa katikati, mpya kuliko za zamani, ya zamani kuliko mpya.

Ndipo wakajitokeza watu wawili, Mike Thompson na Peter Green, wakaanzisha mradi walioupa jina Raspbian. Na kwa nini haikuwa kazi ya jioni moja? Kwa sababu makubaliano ni ya wote. Huwezi kubadilisha programu moja ukaziacha nyingine. Mmoja akiweka namba benchi la desimali na mwenzake akaenda kuitafuta benchi la namba nzima, ataokota takataka iliyoachwa pale na kazi iliyopita, na ataitumia bila kujua. Kwa hiyo ilibidi kila kitu kitafsiriwe upya, kuanzia maktaba ya chini kabisa hadi michezo. Vifurushi zaidi ya 35,000. Walimaliza awamu ya kwanza Juni 2012, na Julai ya mwaka huo taasisi ya Raspberry Pi ikautoa mfumo huo kwa watumiaji wake. Kibao ni kile kile, bei ni ile ile, hakuna waya ulioongezwa. Programu zenye desimali nyingi zikakimbia kwa kasi nyingine.

Hapa nasema kwa moyo wote. Aliyenufaika zaidi na kazi ile si mwenye kompyuta ya mamilioni, maana yeye ana nguvu za kupoteza. Ni mwenye kibao cha dola 35. Kule Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential limepeleka kompyuta hizi za Raspberry Pi kwenye shule za sekondari, zikiendeshwa kwa umeme wa jua. Pi yoyote inayowashwa kwa mfumo ule, iwe London iwe Karatu, inanufaika na makubaliano yale mapya. Na pale ambapo umeme unatoka kwenye betri iliyochajiwa mchana, kila mzunguko usiopotea bure ni umeme uliobaki kwa ajili ya somo la jioni.

Na simu zetu je? Android ya biti 32 kwenye ARM ilibaki na yale makubaliano ya zamani ya kukabidhiana desimali, ili programu za simu zisizo na benchi la desimali ziendelee kufanya kazi. Siulaumu uamuzi huo. Waliwafikiria wenye simu za chini. Lakini ina maana kwamba simu ya biti 32 unayoinunua Kariakoo leo, hata ikiwa na benchi zuri la desimali, programu zake bado zinapokezana namba kwa njia ya kuzunguka. Kwenye simu za ARM za biti 64, makubaliano yalirekebishwa tangu mwanzo. Kwa hiyo kijana akija dukani akakuambia simu hii nzito kwa sababu ni ya bei rahisi, ujue maelezo yake yana ukweli, lakini si ukweli wote. Sehemu ya uzito ule imo kwenye tafsiri, na tafsiri inaweza kurekebishwa na mtu aliyekaa na kompyuta yake Bunju.

Anarekebishaje? Nitasema kwa kifupi. Sehemu ya nyuma ya kompaila ina jedwali la gharama, linaloieleza kwamba kuhama kutoka hapa kwenda pale kunagharimu kiasi gani. Jedwali likidanganya, kompaila itahamisha namba ovyo, kama mtu asiyelipa nauli. Kazi ya kwanza ya fundi ni kupima gharama halisi za chipu ile na kuziandika. Kazi ya pili ni kuifundisha kompaila itambue mapema kwamba namba hii ni desimali, ianzie maisha yake kwenye benchi la desimali, isipelekwe kwingine ikarudishwa. Kazi ya tatu ni kuondoa mahamisho yanayofutana. Utaalamu wa kugawa rejista una historia ndefu. Gregory Chaitin na wenzake wa IBM waliandika juu ya kuutatua kwa njia ya kupaka grafu rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado watu wanaandika.

Na kazi haijaisha. Kuna ukoo mpya wa chipu unaoitwa RISC-V, ulioanzia Berkeley mwaka 2010, na sehemu za nyuma za kompaila zake bado zinanolewa. Nitoe mfano mmoja wa pale. Rejista ya desimali ikiwa ya biti 64 na wewe ukaweka namba ya biti 32, zile biti 32 za juu lazima zijazwe moja tupu. Kompaila ikisahau, chipu inaitazama namba yako halali na kusema, hii si namba. Uhamisho mmoja uliosahau sharti moja!

Ningependa kuona vijana wetu pale Kijitonyama, kwenye ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, na wa vyuo vingine, wakiingia kwenye tabaka hili la chini. Tunafundisha sana kutengeneza tovuti na programu za simu, na ni vizuri. Lakini GCC na LLVM ziko wazi. Hakuna mlinzi getini wala ada. Ripoti ya kasoro kutoka Bunju inasomwa kwa macho yale yale yanayosoma ripoti kutoka California, mradi mfano uliowekwa unaonyesha kasoro kweli.

Ukitaka kuliona jambo hili mwenyewe, chukua kompyuta yenye GCC ya ARM ya biti 32. Andika kazi ndogo ya kujumlisha desimali mbili za biti 64, mstari mmoja tu. Iambie kompaila isiishie kwenye programu, ikuonyeshe maelekezo. Hiyo ni kistari na herufi S kubwa, pamoja na chaguo la kurahisisha kazi, kistari na O kubwa na 2. Tafsiri mara ya kwanza kwa makubaliano ya zamani, lakini benchi la desimali likiruhusiwa kutumika. Utaona maelekezo 5, mawili ya kuleta namba benchi la desimali, moja la kujumlisha, moja la kurudisha jibu, na la mwisho la kuondoka. Tafsiri mara ya pili kwa makubaliano mapya. Utaona maelekezo 2, jumlisha, ondoka. Yale 3 yaliyotoweka ndiyo safari niliyokuwa nakueleza jioni nzima.

Ukikwama, andika ujumbe studio, tutakusomea na kukujibu hewani. Juma lijalo tutaendelea na desimali, na tutaingia kwenye hesabu za mvua na jinsi kompyuta zinavyosaidia kutabiri masika.